Birika la kauri halimiminwi likiwa moto

Ukipita kwa mafundi wa jua kali, unaweza kuona alumini iliyoyeyushwa ikimiminwa kwenye mchanga iwe sufuria. Ndiyo maana ni rahisi kudhani mabirika ya kauri nayo huyeyushwa kwanza. Kumiminwa, mengi humiminwa kweli. Ila si yakiwa moto.

Kinachomiminwa ni uji baridi wa udongo, uliotiwa silikati ya sodiamu kidogo ili utiririke bila maji mengi. Kalibu ni ya plasta ya jasi, nayo hufyonza maji. Baada ya dakika kadhaa udongo huwa umeganda kwenye kuta za kalibu. Fundi humwaga uji uliobaki katikati, na hapo birika limepata tumbo. Moto wa zaidi ya digrii 1000 huja baadaye, likishakauka.

Jaribu nyumbani: dondosha uji wa udongo juu ya kipande kikavu cha plasta, na tone jingine juu ya kioo. La plasta hupoteza mng'ao upesi. La kioo hubaki chepechepe. Kisha papasa ubavu wa birika lako. Mstari mwembamba ukiusikia, ndipo vipande vya kalibu vilipokutana (usipousikia, huenda fundi aliukwangua).