Je, wajua kwa nini punje moja ya mahindi huwa na madoa?

"Achana nayo, mwanangu, iyi iko na ugonjwa." Mama ninayenunua kwake mahindi makavu katika soko la Kadutu, hapa Bukavu, alikuwa ameliweka hindi hilo kando ya rundo. Nilimwomba aniuzie hilo hilo. Punje nyingi zilikuwa nyeupe, chache zambarau, na nne zilikuwa nyeupe zenye madoa ya zambarau, kana kwamba mtu amezirashia wino.

Punje za rangi tofauti kwenye hindi moja si ajabu. Kila punje ina baba yake, maana chavua huletwa na upepo kutoka shamba lako na la jirani. Punje moja yenye madoa juu yake ni habari nyingine, tena si ugonjwa. Kuna kipande cha DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli, kilichohama.

Mwanasayansi Barbara McClintock wa Marekani alichunguza punje za namna hiyo katika miaka ya 1940. Akaonyesha kwamba vipo vipande vya DNA vinavyoweza kuchomoka mahali pake kwenye kromosomu, yaani uzi mrefu wa DNA, na kujipachika kwingine. Kipande kikitua ndani ya jeni ya rangi, yaani sehemu ya DNA inayoagiza rangi, punje hukosa rangi. Kikitoka wakati punje ingali inakua, seli ile na uzao wake wote hurudia zambarau. Kikitoka mapema, doa huwa pana. Kikichelewa, huwa kama ncha ya sindano. Wengi hawakumwelewa kwa miaka mingi. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 81.

Vipande hivi, pamoja na mabaki yake, ni takribani asilimia 85 ya DNA yote ya mahindi. Vingekuwa vinaruka vyote, jeni zingevurugwa kila siku na mmea usingesimama. Lakini karibu vyote vimenyamaza. Nani kavinyamazisha?

Mmea wenyewe. Haufuti herufi za DNA. Huzibandika alama ndogo ya kikemia iitwayo methili, hasa juu ya herufi C, yaani sitosini. Sehemu iliyojaa alama hizo hukazwa juu ya protini ziitwazo histoni, ikawa kama kitenge kilichokunjwa na kufungwa kamba: maua yapo, ila hayaonekani. Maandishi ni yale yale, kinachobadilika ni kusomwa kwake. Hiyo ndiyo epijenetiki.

Mmea unajuaje pa kubandika? Hapa ndipo ninapouvulia kofia. Huchukua nakala ya RNA, molekuli iliyo ndugu ya DNA, kutoka kwenye kipande kile kile cha mvamizi, huifanya ya nyuzi mbili, kisha huikatakata vijipande vya herufi 24. Kila kijipande hushikwa na protini iitwayo Argonauti na kwenda nayo kutafuta mahali penye herufi zinazolingana. Pakipatikana, kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi za kikemia, huitwa kuweka methili. Mwizi anatambuliwa kwa nyayo zake mwenyewe, na ndugu yake aliyetua kwenye kromosomu nyingine hunaswa vilevile, kwa kuwa wana nyayo moja.

Kazi hiyo haiishi. Seli ikigawanyika, uzi mpya wa DNA hutoka ukiwa mtupu. Kimeng'enya kiitwacho MET1 hutazama alama za uzi wa zamani na kuzirudishia kwenye mpya. Sehemu nyingine husubiri vijipande vya RNA vije tena.

Alama zikipotea, hasara inaweza kufika hadi kwenye chupa ya mawese. Nchini Malaysia, michikichi iliyooteshwa maabara kutokana na vipande vya tishu za mti mmoja bora ilikua vizuri, kisha mingine ikazaa matunda yenye nyama za ziada pembeni na mafuta haba. Mkulima alikuwa ameshaitunza miaka kadhaa kabla ya kugundua. Mwaka 2015 watafiti walieleza sababu: kipande kiitwacho Karma, kilichomo ndani ya jeni ya maua, kilikuwa kimepoteza methili yake. Hakikuhitaji hata kuruka. Kuvuliwa alama tu kulitosha jeni ile isomwe vibaya, na sehemu za kiume za ua zikageuka kuwa kama za kike.

Si kila mruko ni balaa, lazima niseme. Kipande kiitwacho Hopscotch kilitua zamani karibu na jeni ya matawi ya babu wa mahindi, na kimechangia mahindi tunayoyajua kusimama kwa shina moja badala ya kutawanyika kama kichaka.

Zile punje nne nimezitia kwenye kikombe juu ya kabati. Mvua za Septemba zikianza nitazipanda nyuma ya nyumba. McClintock aliona kipande kinaweza kulala vizazi kadhaa, madoa yakatoweka, kisha kikaamka. Baadaye ndipo methili ilipoonekana kuhusika na usingizi huo. Nataka nione cha kwangu kitalala au kitaendelea kuruka.