Ukiona Ufa, Toka Shimoni

Kabla ya kugawa miko na makarai, siku ya kwanza ya uchimbaji wa akiolojia, wa kutafuta mabaki ya kale, mimi huwaambia vibarua hivi: shimo lisipokupendeza, toka. Usiningoje mimi. Ujira wako wa siku uko pale pale.

Nilifunzwa na mzee mmoja aliyekuwa akinichimbia huku Kilifi, miaka mingi iliyopita. Shimo letu lilikuwa limefika kifuani, na udongo uliokwisha kuchekechwa niliuacha urundikwe ukingoni, maana kubeba makarai hadi mbali kunachosha na siku za kibali cha kuchimba zilikuwa zinayoyoma. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi niko chini nachora matabaka ya udongo ukutani, mzee akaniita: "Mwanangu, panda juu. Huku kuna ufa."

Ulikuwa mwembamba kama uzi, umeandamana na ukingo. Nikapanda huku nanung'unika. Kufika saa sita mchana, upande ule wote ulikuwa umelala juu ya ubao wangu wa kuchorea.

Wahenga walituambia tuzibe ufa, lakini shimoni ufa hauzibwi. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hivi, na ukilowa huzidi. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kufa kichwa kikiwa nje: kila akitoa pumzi udongo hushuka na kubana, na pumzi inayofuata haina pa kuingia. Siku hizi kuta ndefu tunazikata kwa vidato, lundo linakaa mbali, na ngazi haiondolewi.

Wengi hudhani kibarua wa siku hana chake kisheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya 2007, inahusu kila mahali ambapo mtu yuko kazini, pawe pa muda au pa kudumu. Shimo la wiki 3 limo. Kifungu cha 14 kinamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha hapo hatari ikiwa bado ipo. Kwa hiyo anayetoka na kusema si mkaidi, anatimiza wajibu. Tena Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, inamlazimu mwajiri kuwakatia wafanyakazi bima. Iulizie kabla hujateremka, hata kama anayekuajiri ni profesa.

Hatari si ukuta tu: mapangoni, ambako pia tunachimba, kuna popo. Kinyesi chao kikikauka kinaweza kuwa na kuvu iletayo histoplasmosisi, ugonjwa wa mapafu, na leso uliyojifunga puani haisaidii kitu. Inatakiwa barakoa ya kuchuja vumbi, na si wewe wa kuinunua. Anayechekecha kutwa ndiye anayekula vumbi jingi, ila nimeona barakoa zikianzia kwa wanafunzi wa ng'ambo.

Ripoti yangu ya msimu ule ina mchoro wa ukuta ulioporomoka. Jina la mzee halimo. Na kwa kuwa kazi ilisimama saa sita, siku ile nilimlipa nusu.