Teresa wa Ávila mbele ya Bruda Juan: picha ya Sevilla ya mwaka 1576

Tangu nianze kufundisha historia ya sanaa ya Kikristo, sijaona picha ya mtakatifu inayokataliwa na wanafunzi upesi kama ile ya Mtakatifu Teresa wa Ávila iliyochorwa Sevilla, Hispania, mwaka 1576. Wamemzoea Teresa wa kadi za sala, mwenye mashavu laini na macho yaliyoinuliwa mbinguni. Hapa wanakutana na mama wa miaka 61, mnene wa uso, aliyeunganisha viganja vyake na asiyeonyesha dalili yoyote ya furaha. Mimi huitetea picha hiyo, ingawa si kwa kila jambo.

Teresa hakuomba kuchorwa. Alikuwa amefika Sevilla mwaka 1575 kuanzisha nyumba nyingine ya watawa wa urekebisho wake, ambao baadaye ulikuja kuwa shirika la Wakarmeli Peku, na baada ya mwaka mzima wa taabu nyumba hiyo ilikuwa tayari: tarehe 3 Juni 1576 Askofu Mkuu aliipeleka Sakramenti Takatifu kwa maandamano makubwa, na kesho yake mwanzilishi akaondoka mjini. Tarehe iliyoandikwa kwenye picha ni 2 Juni. Masista walitaka wabaki na sura ya mama yao, na Padre Jerónimo Gracián, mkubwa wake ambaye Teresa alikuwa amemwekea nadhiri ya utii, akamwamuru aketi na kufuata kila atakaloambiwa na mchoraji.

Mchoraji mwenyewe alikuwa Bruda Juan de la Miseria, Mwitalia ambaye jina lake la kuzaliwa ni Giovanni Narducci. Alijifunza kwa muda katika karakana ya Alonso Sánchez Coello, mchoraji wa Mfalme Filipo wa Pili, lakini mwalimu hodari hakumfanya mwanafunzi awe hodari. Alimtaka Teresa akae kimya bila kutikisika, na kazi ilipokwisha, kama Gracián alivyosimulia, mama huyo aliitazama akasema: “Mungu akusamehe, Bruda Juan, umenichora, tena umenichora mbaya, mwenye tongotongo machoni.” Kwa kweli humwonea huruma bruda huyo, kwa kuwa ni wachoraji wachache wanaokumbukwa na vizazi vyote kwa lawama ya mtu waliyemchora.

Lakini lawama hiyo tuipime kwa ushahidi mwingine. Sista María de San José, Mama Mkuu wa nyumba ile ile ya Sevilla, alituachia maelezo ya maandishi: uso wa Teresa haukuweza kuitwa wa mviringo wala mwembamba mrefu, nyusi nene kiasi zenye kupinda kidogo, macho meusi, ya duara na machangamfu, na upande wa kushoto wa uso alikuwa na vidoto vitatu. Ukiweka maelezo hayo kando ya picha, mengi yanakubaliana: nyusi zipo, na macho ni ya duara kweli. Kilichokosekana ni ule uchangamfu, na sishangai, kwa maana mtu aliyeamriwa asitikisike, tena mbele ya fundi asiyejua kuuvizia uhai wa uso, hutoka kama aliyeganda. Kwa hiyo naiamini picha hii ninapotafuta sura ya Teresa, nisiiamini hata kidogo ninapotafuta tabia yake. Mchoraji mwenye kipaji zaidi angeweza kutupa hiyo tabia, lakini pengine angetupokonya sura. Rubens, aliyemchora miaka mingi baada ya kifo chake cha mwaka 1582, hakuwahi kumwona.

Njiwa wa Roho Mtakatifu aliye juu, upande wa kushoto, ni alama ya kawaida tu. Utepe wa maneno ya Kilatini una uzito zaidi, kwani ni mstari wa zaburi alioupenda Teresa mwenyewe: “Fadhili za Bwana nitaziimba milele.”

Picha haikupelekwa katika jumba la makumbusho. Iko bado kwa Masista Wakarmeli wa Sevilla. Masista hao hao wanatunza pia mswada wa Kasri la Ndani ulioandikwa kwa mkono wa Teresa, kitabu alichokianza huko Toledo tarehe 2 Juni 1577, mwaka mmoja kamili baada ya siku ile aliyokatazwa kutikisika.