Roketi Ndogo Kwenye Baridi ya Kaskazini

Dunia inapojizungusha, kitu kilichoko ikweta huenda mashariki kwa kasi ya karibu mita 465 kwa sekunde, na roketi inayorushwa hapo huipata kasi hiyo bure. Waitaliano walilijua hilo walipoweka jukwaa la San Marco baharini Ngomeni, karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, roketi ndogo ya Kimarekani aina ya Scout ilipaa kutoka hapo na setilaiti iliyopewa jina la Uhuru.

Mbona basi leo watu wanahangaika kujenga vituo vya kurushia roketi ndogo Andøya nchini Norwei, Kiruna nchini Uswidi na visiwa vya Shetland nchini Uskoti? Ni kwa sababu ya kazi ya setilaiti zenyewe. Zile za kupiga picha misitu, mashamba na barafu huzunguka zikipita karibu na ncha zote mbili, na huku dunia ikijizungusha chini yake, zinaishia kuiona karibu yote, Serengeti ikiwemo. Kwa safari hiyo, kasi ya kuelekea mashariki ni mzigo unaopaswa kuondolewa. Andøya, kwenye latitudo ya 69, kasi hiyo imeshuka hadi mita 165 hivi. Tena upande wa kaskazini ni bahari tupu, mabaki hayamwangukii mtu. Kiruna hawana bahati hiyo: wamezungukwa na nchi kavu, ambako Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, huchunga kulungu wao wa kufugwa (reindeer).

Sasa baridi. Wengi hudhani mafuta ya roketi ndiyo yataganda. Lakini oksijeni ya kimiminika huwekwa kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri; kwake, majira ya baridi ya Kiruna ni joto kali. Propani, gesi inayotumiwa kama fueli na baadhi ya roketi, nayo haigandi mpaka ikaribie nyuzi 188 chini ya sifuri. Wanaoteseka ni wadogo: pete za mpira, grisi, betri, valvu iliyoingiwa na unyevu ukageuka barafu.

Ushahidi mchungu kuliko wote haukutoka hata kaskazini. Asubuhi ya tarehe 28 Januari 1986, huko Florida, chombo cha Challenger kilirushwa hewa ikiwa na nyuzi 2 hivi juu ya sifuri. Pete za mpira kwenye maungio ya roketi zake za pembeni zilikuwa zimekakamaa. Hazikuwahi kuziba mwanya, gesi ya moto ikapenya, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Anayebuni roketi ya kurushwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri hana ruhusa ya kukisia. Kila pete aipoze hadi baridi hiyo, aibane, aiachie, aone inarudi upesi kiasi gani.

Roketi za fueli ngumu zina shida yao. Fueli ikipoa huungua polepole, msukumo hupungua, na ikizidi kupoa yaweza kupasuka nyufa. Poker Flat, kituo cha Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks kinachorusha roketi za utafiti, wana njia ninayoipenda sana. Roketi ikiwa tayari imelala kwenye reli yake, huifunika kwa kasha la povu jeupe, lile la kufungashia friji, kisha hupuliza hewa ya moto ndani. Wakati ukifika hawalivui. Roketi hulipasua na kupaa, vipande vya povu vikitawanyika juu ya theluji.

Udogo nao una gharama. Tangi dogo hubadilika joto upesi kuliko kubwa, na roketi nyembamba, nyepesi, husukumwa kirahisi na upepo wa juu. Machi 2025 kampuni ya Kijerumani ya Isar Aerospace ilikuwa tayari Andøya na Spectrum, roketi ya mita 28 inayotumia propani. Tarehe 24 upepo ulikataa, wakaahirisha. Tarehe 30 ikapaa, ikapoteza mwelekeo, na baada ya sekunde 30 hivi ikaanguka baharini. Haikuwa na setilaiti ya mteja, hakuna aliyeumia, na jukwaa lilibaki zima. Mimi naona walifanya sawa kuirusha: mtikisiko wa injini 9 zikiwaka kwa pamoja, kwenye upepo halisi, haupimiki wote maabara.