Mpira wa tairi haukuzaliwa kwa ajali ya jikoni

Kwenye vijiwe vya mafundi baiskeli wa Ng'ambo na Isevya, Tabora, utasikia kwamba mvumbuzi Mmarekani Charles Goodyear alidondosha mpira kwenye jiko la moto, akapata tairi. Nusu yake ni kweli. Mwaka 1839, huko Marekani, mchanganyiko wake wa mpira na salfa uligusa jiko, ukaungua kidogo kama ngozi badala ya kuyeyuka. Lakini salfa haikuangukia humo yenyewe: alikuwa amehangaika na mpira kwa miaka kadhaa, na wazo la salfa alilipata kwa Nathaniel Hayward, mtengenezaji mwingine wa mpira. Hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ya Marekani aliipata 1844. Tairi la upepo la Dunlop lilikuja 1888, Goodyear akiwa ameshafariki.

Ajali ilimwonyesha tu kwamba joto kali linahitajika. Kazi ngumu ilikuwa kupata kipimo. Siku hizi, kwa mpira laini, hutumika sehemu 1 hadi 3 za salfa kwa 100 za mpira, kwenye joto la nyuzi 140 hadi 160 za Selsiasi hivi. Joto likipungua, mpira unabaki unanata. Salfa ikifika sehemu 30, unakuwa mgumu kama pembe.

Salfa hufunga nyuzi za mpira pamoja, ndiyo maana tyubu kuukuu haiyeyushwi ikamiminwa upya. Hata kuziba pancha hutegemea mshiko: piga msasa, paka solusheni (gundi ya mpira) nyembamba, subiri kama dakika 5 ikauke, ndipo ubandike kiraka. Ukiwahi, majimaji hunaswa chini na kiraka kinabanduka.