Lango la Handaki Lazima Lionekane Linazuia Mlima

Katika reli ndogo za bustanini, yaani reli za mfano ambazo watu hujenga nyumbani kwa kujifurahisha, hakuna mahali panapotazamwa kwa makini kama pale garimoshi linapopotelea mlimani, na hakuna mahali panapojengwa kwa pupa kuliko hapo. Mimi ni mwashi kwa kazi, ninaishi kusini-magharibi mwa Uingereza, na kwa miaka kadhaa nimejenga malango ya mahandaki katika bustani yangu na katika bustani za wenzangu. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kwamba mtu hununua uso wa lango uliokwisha kutengenezwa, akausimamisha juu ya reli, kisha akarundika udongo kidogo nyuma yake. Hata ukiwa umechongwa kwa ustadi wa namna gani, jicho haliukubali, kwa sababu lango la handaki ni ukuta unaozuia mlima usiporomokee njia, na ukuta usiokuwa na mlima wa kuzuia hauna sababu ya kuwapo.

Kwa hiyo mimi huanza na udongo. Wahandisi hawatoboi kichuguu wakati wangeweza kukichimba na kukiacha wazi. Ndiyo maana kilima changu hupanda juu ya tao kwa kimo kisichopungua kimo cha tao lenyewe, na njia hukifikia kupitia mkato, yaani mfereji uliochimbwa ardhini ili reli ipite, unaozidi kuwa na kina hatua kwa hatua. Kuta za ubavuni hufuata mteremko wa mkato huo, ndefu karibu na lango na fupi kadiri zinavyoliacha.

Mfano ninaoupenda ni lango la magharibi la Box Tunnel, handaki la mhandisi Isambard Kingdom Brunel kwenye reli ya London hadi Bristol, lililofunguliwa mwaka 1841. Upande huo, unaoonekana kutoka barabarani, ulipewa uso wa fahari wa mtindo wa kiklasiki, ilhali lango la mashariki liliachwa la kawaida tu. Tao lake ni pana kwa sababu njia ya Brunel ilikuwa na upana wa milimita 2,140 kati ya reli zake mbili, mpaka upana huo ulipofutwa mwaka 1892. Anayeiga njia ya Brunel kwa tao jembamba amekwisha kukosea kabla hajakoroga saruji.

Reli ya bustanini yenye upana wa milimita 45 huwakilisha reli ya kawaida ya milimita 1,435 kwa kipimo cha 1:32, yaani kila kitu hupunguzwa mara 32. (Kwa wanaotamani kuiga TAZARA na mahandaki yake ya kati ya Mlimba na Makambako, reli ya milimita 1,067 huingia vizuri katika upana huohuo kwa kipimo cha 1:24, na ningefurahi sana kuiona kazi hiyo.) Kwa 1:32, jiwe lenye kimo cha sentimita 30 huwa milimita 9 au 10. Mistari ya mawe ikichorwa mikubwa kuliko hapo, mlima wote hugeuka kichezeo.

Kabla ya kukata kalibu ya kumwagia ukuta, pitisha behewa lako refu kuliko yote ili ujue tao liwe pana kiasi gani. Kwenye kona, katikati ya behewa huingia upande wa ndani na ncha zake hutoka upande wa nje. Behewa ambalo ekseli zake zimeachana kwa milimita 500, likipita kona yenye nusukipenyo cha mita 2, huingia ndani kwa karibu milimita 16. Fikiria pia mkono wako: treni ikianguka ndani, sentimita 60 kutoka kila mlango ndio mwisho wa kufikia kwa raha. Handaki refu zaidi ya hapo linahitaji kifuniko kinachoinuliwa, kilichofichwa chini ya mimea.

Ukuta wenyewe naumwaga ukiwa umelala kwenye kalibu ya mbao, kwa saruji nyeupe sehemu moja na mchanga safi sehemu tatu, pamoja na rangi ya unga ya manjano kidogo ili kuukaribia mwonekano wa mawe ya eneo la Bath. Unene ni sentimita 4, na katikati kuna waya wa kuku. Baada ya saa kadhaa, ukucha ukiwa bado unaacha alama, nachora viungo vya mawe kwa msumari butu, nikianza na mawe ya tao, ambayo lazima yawe na idadi isiyogawanyika kwa mbili ili jiwe la kufungia likae katikati kabisa. Kisha naufunika kwa plastiki na kuutunza na unyevu kwa wiki nzima.

Ukuta wangu wa kwanza ulipasuka katika majira ya baridi. Sikuwa nimeacha matundu ya kutolea maji, na maji yanapoganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Siku hizi naweka kokoto nyuma ya ukuta wote, naacha matundu chini, na msingi naulaza juu ya sentimita 15 za kokoto zilizoshindiliwa.

Ndani ya tao, ukuta lazima uendelee. Sentimita 30 za mwanzo nazichora mawe na kuzipaka rangi nyeusi isiyong'aa, na inapowezekana naikunja njia ndani ya mlima ili mwanga wa upande wa pili usionekane.

Rangi ya uchakavu ndiyo sehemu ninayoipa muda mrefu kuliko zote. Masizi ya treni za mvuke hushika juu ya kilele cha tao, mazito katikati ya kila njia, yakififia kuelekea ukingo wa juu. Katika mawe ya chokaa, sehemu zinazopigwa na mvua hubaki nyeupe, na weusi hukaa mahali palipokingwa, hasa chini ya ukingo uliotokeza. Wengi hupaka kinyume chake. Ukoga wa kijani huota chini ya matundu ya maji. Mimi huuacha ukuta mpya unyeshewe mvua kwa majira mazima kabla ya kugusa brashi, nikitoka nje kila inaponyesha kutazama maji yanapita wapi, kwa kuwa hapo yanapopita ndipo masizi hayatakiwi kuwekwa.