Kusali kwa Biblia Kila Siku: Kwa Nini Aya Chache Zinatosha

Katika mafungo ninayoyaongoza, swali linalorudi mara nyingi ni sura ngapi za Biblia zisomwe kwa siku. Nalielewa, kwa kuwa ratiba za kuimaliza Biblia nzima kwa mwaka mmoja zimeenea parokiani na katika simu zetu, nazo humsaidia msomaji kuiona historia yote ya wokovu. Lakini Lectio Divina, yaani usomaji wa Maandiko katika sala ambao tumeurithi hasa kutoka kwa wamonaki, haupimwi kwa sura, na anayeukabili kwa haraka ya kumaliza aweza kusoma mengi asisali hata kidogo.

Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 48 ya Kanuni aliyowaandikia wamonaki karne ya 6, aliutengea usomaji huo saa zake, sambamba na saa za kazi za mikono. Humo anaagiza kwamba mmonaki anayetaka kusoma wakati wenzake wamejipumzisha vitandani baada ya chakula asome bila kuwasumbua, agizo ambalo lisingehitajika kama wangekuwa wanasoma kimoyomoyo. Anaagiza pia mzee mmoja au wawili wazunguke monasterini saa za kusoma, waone kama yupo ndugu mvivu anayepiga soga badala ya kushughulika na kitabu. Anayesumbuliwa na usingizi au mawazo yanayotangatanga mbele ya Biblia basi asijidhanie kuwa peke yake.

Katika karne ya 12, Guigo II, mkuu wa monasteri ya Grande Chartreuse nchini Ufaransa, aliieleza njia hii kuwa ngazi yenye vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kusali na taamuli, yaani kutulia mbele ya Mungu pasipo maneno. Kusoma, kwa maelezo yake, ni kutia chakula kinywani, kutafakari ni kukitafuna, sala huitoa ladha yake, na taamuli ndiyo utamu wenyewe. Papa Benedikto XVI, katika wosia wake wa kitume Verbum Domini wa mwaka 2010, alizipitia hatua hizo na kuongeza kwamba mwendo huu haukamiliki mpaka ufikie matendo.

Tuchukue habari ya kipofu Bartimayo katika Marko 10:46-52, ambayo ni aya saba tu. Isome yote kwa sauti, polepole, kisha utulie na kuisoma tena. Mara ya kwanza akili hushughulika na kisa chenyewe. Ni katika kurudia ndipo neno fulani hukataa kupita. Kwa mmoja litakuwa ule umati uliomkemea kipofu anyamaze, kwa sababu naye amezoea kunyamazishwa nyumbani au kazini. Kwa mwingine litakuwa vazi alilolitupa alipoitwa, ambalo kwa ombaomba huenda lilikuwa sehemu kubwa ya mali yake. Hapo usiendelee mbele. Lirudie neno hilo kwa midomo, taratibu, hadi uone limegusa wapi katika maisha yako. Kisha lipokee swali la Yesu, “Wataka nikufanyie nini?”, kana kwamba umeulizwa wewe, nawe utaona tafakari inageuka sala pasipo kulazimishwa, maana swali hilo halijibiwi kwa maelezo ya njia ya kwenda Yeriko bali kwa ombi. Jibu kwa maneno yako mwenyewe, hata yakiwa manung'uniko. Zaburi zimejaa manung'uniko. Maneno yakipungua, yaache yapungue. Taamuli ni zawadi, na siku nyingi haiji.

Wanaopata shida zaidi hapa, kwa maoni yangu, ni makatekista na wahubiri, kwa sababu kila aya huwajia ikiwa tayari na vichwa vitatu vya mahubiri. Ufafanuzi wa Maandiko ni wa lazima, tena humlinda msomaji asiitwike aya maana isiyo yake, lakini ufanyike kwa wakati wake, jioni iliyotangulia ikiwezekana.

Kuhusu uchaguzi wa somo, Injili ya siku katika kalenda ya liturujia inatosha, nayo hutuepusha na tabia ya kurudia vifungu tunavyovipenda tu. Saa iwe ileile kila siku. Biblia ya karatasi ni bora kuliko ya simu, kwa sababu zinazojulikana na kila mwenye simu.

Wale walio katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo tayari wanayo njia iliyo jirani na hii, ile ya hatua saba iliyoenezwa na taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Katika hatua ya tatu kila mmoja hutamka kwa sauti neno au kifungu kilichomgusa, na hatua ya nne ni ukimya. Nimeona mara nyingi hatua hiyo ya nne ikikatizwa na wimbo, labda kwa kuwa ukimya wa watu wengi huonekana kama mkutano uliokwama. Ninawashauri viongozi wautangaze muda wake kabla ya kuanza, hata dakika tatu, na mwimbishaji aarifiwe mapema.